Modeli inayeyusha theluji mapema kuliko vipimo: kagua haya kabla ya kugusa fizikia

#1 Mizania (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna swali linalorudi kila mara kwa wanaoendesha modeli za theluji: vipimo vinaonyesha theluji imekwisha katikati ya Mei, modeli inasema imekwisha mwisho wa Aprili. Wengi hukimbilia kubadili fomula ya albedo (sehemu ya mwanga wa jua ambayo uso huurudisha juu) au kuhamia modeli yenye matabaka mengi zaidi. Naomba tuweke hapa utaratibu wa ukaguzi, maana mara nyingi kosa haliko kwenye fizikia ya chembe za theluji. Liko kwenye data inayoingia, au kwenye mizania ya nishati ambayo hailingani na hakuna aliyeikagua.

Mrundiko wa theluji una daftari mbili. Daftari la maji: kinachoanguka, toa kinachotiririka chini, toa kinachogeuka mvuke, jumlisha au toa kinachopeperushwa na upepo. Daftari la nishati: mnururisho wa jua uliofyonzwa, mawimbi marefu (mnururisho wa joto usioonekana) yanayoshuka kutoka angani na yanayopanda kutoka kwenye theluji, joto linaloletwa na upepo, joto fichi la mvuke (linaloingia au kutoka mvuke unapotonea au theluji inapogeuka mvuke), joto la mvua, na joto kutoka ardhini. Kila hatua ya muda, daftari zote mbili lazima zilingane. Andika tofauti kwenye faili la matokeo kama safu yake yenyewe. Ikizidi 0.1 W/m² kwa wastani wa msimu, simamisha kila kitu utafute kinakovuja.

Namba za kukaa nazo kichwani: kuyeyusha kilo 1 ya barafu iliyokwisha kufika 0°C kunahitaji kilojuli 334. Milimita 1 ya maji ya theluji (kimo cha maji ambacho ungepata ukiyeyusha safu yote pale pale) ni kilo 1 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo W/m² 100 za ziada kwa siku nzima ni megajuli 8.64, yaani karibu mm 26 za maji. Kosa dogo la W/m² 20 ni mm 5 kwa siku, na kwa siku 30 ni mm 155. Hapo msimu mzima umeshahama.

Kabla haijayeyuka, theluji baridi hudai deni lake. Mrundiko wa mm 300 wenye wastani wa −5°C unahitaji 2,100 × 300 × 5, karibu megajuli 3.15, ili ufike 0°C. Hizo zingetosha kuyeyusha mm 9 tu. Deni hilo ni dogo kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo usilitafutie lawama ya wiki mbili.

Mpangilio wangu: (1) theluji inayoanguka, (2) mgawanyo wa mvua na theluji, (3) mnururisho, (4) msimbo wenyewe, (5) upepo na joto la uso. Karibuni.

#2 Kipimamvua

Mkuu umeanza vizuri. Hiyo namba moja naomba nikae nayo, kwa sababu ndiyo inayoua uigaji mwingi.

Kipimamvua kisicho na kinga ya upepo hakikusanyi theluji yote. Hewa huinuka juu ya mdomo wa chombo na kubeba chembe nyepesi zikapita. Upepo wa mita 5 kwa sekunde unatosha kukikosesha nusu ya theluji au zaidi. Chukua hesabu hii: theluji halisi ya msimu mm 400, chombo kimekusanya asilimia 60, modeli imepewa mm 240. Pungufu ni 160. Kuyeyuka kwa majira ya kuchipua kukiwa mm 10 kwa siku, modeli itamaliza theluji siku 16 mapema huku fizikia yake ikiwa sahihi kabisa.

Namna ya kujua: usiangalie siku ya mwisho, angalia kilele. Kama maji ya theluji kwenye modeli yako yako chini tayari mwezi Februari, kabla kuyeyuka hakujaanza, albedo haina kesi. Kama kilele kinalingana na vipimo kisha mstari unaporomoka haraka, hapo nenda kwenye nishati.

Marekebisho yawe kwa kila tukio, kwa kutumia upepo na joto la saa ile. Kuzidisha msimu mzima kwa 1.4 hutibu jumla na kuharibu mpangilio: dhoruba yenye upepo mkali inabaki pungufu, na theluji tulivu ya Desemba inazidishwa bure. Pia angalia upepo umepimwa kwa kimo gani. Fomula nyingi za marekebisho hutaka upepo wa kimo cha mdomo wa chombo au wa mita 10, na kuchanganya hivyo viwili ni kosa la kawaida sana.

#3 BalbuNyevu

Naongezea namba mbili ya mleta mada.

Kizingiti cha 0°C ni kibaya. Kwa vituo vya nusu ya kaskazini ya dunia, joto la hewa ambalo nusu ya matukio ni theluji na nusu ni mvua ni karibu 1°C kwa wastani, lakini hushuka chini kidogo ya sifuri penye unyevu mwingi na kupita 2°C kwenye hewa kavu ya milima ya bara. Sababu ni kwamba chembe inayoshuka kwenye hewa kavu hupoteza sehemu yake kuwa mvuke, na kupotea huko kunaipoza. Ndiyo maana joto la balbu nyevu (linalosomwa na kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji) hugawa vizuri kuliko joto la kawaida la hewa. Ukiwa na joto, unyevu na shinikizo, unalikokotoa kwa mizunguko michache tu.

Kinachosahaulika ni kwamba kosa hili hulipwa mara mbili. Tuseme mwezi wa Aprili zimeanguka mm 10 za theluji, hewa ikiwa 1°C, na modeli imeziita mvua. Umepoteza mm 10. Lakini pia uso umebaki wa zamani wenye albedo 0.60 badala ya kurudi 0.85. Jua la wastani wa W/m² 250 kwa siku likipiga pale, tofauti ya 0.25 ni W/m² 62, yaani mm 16 za ziada siku inayofuata. Tukio moja limekula mm 26. Matatu ya namna hiyo yanatosha kueleza wiki nzima.

#4 Mwanagenzi_wa_Gridi

Wakuu, asanteni. Swali: kama kina cha theluji kwenye modeli kinalingana na kihisi cha sauti (kinachopima kina kwa mwangwi) karibu msimu wote, hiyo si inatosha kusema theluji inayoanguka iko sawa? Kituo kina kina tu, hakuna kipimo cha uzito.

#5 Kipimamvua

Haitoshi, mkuu, na hapa ndipo makosa mawili hushikana mikono na kujificha.

Kina ni maji ya theluji ukigawa kwa densiti. Mita 1.20 kwa densiti ya 250 kg/m³ ni mm 300. Mita hiyo hiyo 1.20 kwa 330 ni mm 396. Modeli yenye theluji pungufu na mgandamizo mdogo mno itachora mstari wa kina mzuri kabisa, kisha itakwisha mapema.

Tazama densiti ya theluji mpya. Crocus (modeli ya theluji yenye matabaka), kwa mfano, hutumia 109 + 6 × joto (°C) + 26 × kipeuo cha pili cha upepo (m/s), isishuke chini ya 50. Kwa −10°C na upepo wa 4 unapata 101 kg/m³. Kwa −2°C na upepo uleule unapata 149. Ukiweka 100 ya kudumu kila siku, theluji ya joto itaonekana nene kupita kiasi siku inapoanguka. Baada ya hapo mgandamizo unategemea mnato wa tabaka, ambao hupanda kwa kasi ya kipeo kadiri densiti inavyoongezeka na joto linavyoshuka. Kwa hiyo kosa la joto la ndani nalo hugeuka kosa la kina.

Bila mzani wa theluji, chimba shimo na upime kwa bomba la sampuli angalau mara moja karibu na kilele. Kipimo kimoja cha uzito mwezi Machi kina thamani kuliko maelfu ya vipimo vya kina.

#6 Msimbo

Naingia namba nne. Hili ni la wanaoandika msimbo wenyewe au waliorithi msimbo wa zamani.

Kwanza, hatua ya muda. Njia ya eksplisiti, ile inayokokotoa joto jipya la tabaka kwa kutumia joto la zamani la majirani, ina mpaka: hatua isizidi unene mraba ukigawa kwa mara mbili ya usambaaji joto. Theluji ya 200 kg/m³ ina upitishaji joto wa karibu 0.108 W/m/K ukitumia fomula ya Yen (2.22 × densiti ya uwiano kwa kipeo cha 1.88), hivyo usambaaji ni kama 2.6 × 10⁻⁷ m²/s. Tabaka la sm 5 linakubali hatua ya sekunde 4,900, saa moja inapita salama. Tabaka la sm 1 linakubali sekunde 195 tu. Ndiyo sababu modeli inaendeshwa vizuri kwa matabaka matatu manene, mtu anaongeza matabaka membamba juu ili kuboresha, na joto la uso linaanza kuruka huku na huku. Tumia implisiti, yaani tatua matabaka yote kwa pamoja kwa joto la mwisho wa hatua. Ni matriki yenye namba kwenye diagonali tatu tu, inatatuliwa kwa pitio moja la kushuka na moja la kupanda.

Pili, na hili ndilo ninalolikuta kwenye misimbo mingi: masalio ya kuyeyuka. Tabaka la juu la sm 1 lenye densiti 200 lina kilo 2 kwa mita ya mraba. Linayeyuka lote kwa kilojuli 668. Adhuhuri ya Mei ikileta W/m² 300 kwa saa, hizo ni kilojuli 1,080. Tabaka limekwisha, zimebaki kilojuli 412. Zinakwenda wapi? Msimbo mzuri huzishusha kwenye tabaka linalofuata. Msimbo mbaya huzitupa, na mm 1.2 kwa saa ya kuyeyuka inapotea bila onyo. Huo unachelewesha kuyeyuka, kwa hiyo unaweza kuficha kosa la albedo linalowahisha. Ukirekebisha kimoja, matokeo yanaonekana kuharibika, na mtu anarudisha kosa. Msirudishe!

Tatu, kuunganisha matabaka. Crocus huruhusu hadi matabaka 50, na kila theluji mpya inapoanguka kuna yanayounganishwa. Unganisha masi na nishati ya ndani, ukihesabu maji ya kimiminika yaliyomo, kisha toa joto kutoka kwenye nishati hiyo. Ukichukua wastani wa joto tu, tabaka la kilo 2 lenye −12°C na la kilo 40 lenye −1°C vinakupa −6.5°C, wakati jibu sahihi ni karibu −1.5°C. Umeunda baridi kutoka hewani.

Nne, maji ya kimiminika. Njia ya ndoo huacha kila tabaka lishike kiasi fulani, kwa kawaida asilimia 5 ya nafasi wazi, kisha kinachozidi kinashuka. Kwa densiti 300, sm 10 za theluji zina nafasi wazi ya asilimia 67, kwa hiyo zinashika mm 3.4. Njia hii inatosha kwa jumla ya siku. Kwa saa ya maji kutoka chini haitoshi. SNOWPACK, modeli nyingine ya matabaka, ina chaguo la mlinganyo wa Richards pia (unaofuata mwendo wa maji kwenye nafasi wazi kwa undani), ila utalipa kwa muda wa kukokotoa.

#7 BalbuNyevu

Msimbo alisema: "Umeunda baridi kutoka hewani."

Hapo pazuri. Kipimo chepesi: zima kila kitu kinachotoka nje (jua, upepo, mvua, ardhi), acha matabaka yenye joto tofauti yapitishane joto na yaunganishwe kwa siku 10 za modeli. Jumla ya nishati isibadilike hata kwa tarakimu ya sita. Ikibadilika, usiendelee.

#8 UsoWaTheluji

Namba tatu na tano kwa pamoja, maana zinakutana usoni.

Albedo. Mpango rahisi unaotumika sana: theluji baridi hupoteza 0.008 kwa siku, theluji inayoyeyuka hushuka kwa kipeo kuelekea 0.50 kwa kiwango cha 0.24 kwa siku, na theluji mpya ya mm 10 huirudisha 0.85. Baada ya siku 5 za baridi uko 0.81. Baada ya siku 5 za kuyeyuka uko 0.61. Uamuzi wa "inayeyuka au haiyeyuki" ndio swichi nzito: joto la uso likigusa 0°C kwa muda wa saa mbili tu mchana wa Februari na modeli ikahesabu siku nzima kuwa ya kuyeyuka, albedo inaporomoka mapema na haina pa kupandia. Hesabu kwa hatua, si kwa siku.

Kama kituo kina kihisi cha mwanga unaorudi juu, fanya jaribio hili: ondoa albedo ya modeli, tumia iliyopimwa. Tarehe ya mwisho ikirudi mahali pake, umempata mkosaji. Isiporudi, achana na albedo. Lakini safisha data kwanza. Asubuhi baada ya dhoruba, kihisi kinachotazama juu kina kofia ya theluji, mwanga unaoshuka unasomeka mdogo kuliko unaorudi, na albedo inatoka 1.3. Saa hizo zitupwe zote, hata zile zinazotoa 0.92 inayoonekana ya kuaminika, kwa sababu kofia hiyo huyeyuka polepole na kusoma kunakuwa nusu kweli kwa saa kadhaa.

Mawimbi marefu yanayoshuka ndiyo data inayokosekana mara nyingi zaidi. Ukikadiria kwa fomula ya Brutsaert, inayotumia joto na mvuke wa hewa, hewa ya −5°C yenye mvuke wa hPa 4 inakupa W/m² 199 kwa anga wazi. Wingu zito la chini linakaribia 290. Kukosea wingu ni kukosea W/m² 90, na usiku hakuna jua la kukusaidia kukisia wingu. Usitumie wastani wa mchana bila kufikiri.

Sasa usiku tulivu wenyewe. Hewa −5°C, mawimbi marefu 199, kutoka chini W/m² 10. Modeli nyingi hukata kabisa ubadilishanaji wa joto na hewa pale namba ya Richardson (kipimo cha jinsi hewa ilivyotulia juu ya uso baridi) inapopita 0.2. Kwa hizo namba uso utashuka hadi karibu −27°C, nyuzi 22 chini ya hewa. Theluji halisi haiachwi peke yake kiasi hicho. Mivumo midogo ya upepo huendelea kuleta joto. Dawa ni kuweka kiwango cha chini cha ubadilishanaji, W/m² 1 hadi 2 kwa kila nyuzi, au kanuni isiyokata ghafla.

#9 Mwanagenzi_wa_Gridi

Mkuu UsoWaTheluji, je mvua juu ya theluji? Kwenye matokeo yangu kila mvua kubwa inafuatwa na kuyeyuka kwingi, nikadhani joto la maji ya mvua limekadiriwa juu mno.

#10 Mizania

Joto la mvua lenyewe ni kitu kidogo. Mm 10 za mvua ya 5°C zinaleta megajuli 0.21, zinazoyeyusha mm 0.6. Basi.

Kinachoyeyusha ni hewa iliyokuja na mvua: yenye joto, mvuke mwingi na upepo. Kilo 1 ya mvuke ikitonea juu ya theluji inaachia megajuli 2.5, na hizo zinayeyusha kilo 7.5. Kwa hiyo kama modeli inazidisha, kagua unyevu (kihisi kinachong'ang'ania asilimia 100 siku tatu baada ya dhoruba) na urefu wa mkwaruzo wa uso (namba inayoeleza uso ulivyo laini au mbaya kwa upepo). Theluji laini huwekewa karibu mm 1. Mtu akiweka sm 1 kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye faili la mfano, joto la upepo linapanda sana.

Jambo la pili: mm 10 za mvua zikiganda ndani ya theluji baridi zinaachia megajuli 3.34. Rudi kwenye deni la baridi la ujumbe wa kwanza, 3.15. Mvua moja ya Januari inaweza kulipa deni lote la mrundiko wa mm 300. Modeli isiyo na kuganda upya ndani ya matabaka haitaona hilo kamwe.

#11 Tundra_na_Upepo

Niseme neno kwa wanaofanya kazi kwenye maeneo ya Aktiki, mambo yote hapo juu yakiwa sahihi.

Kule safu hugeuka juu chini. Mteremko mkali wa joto kati ya ardhi na uso, zaidi ya nyuzi 10 hadi 20 kwa mita, husukuma mvuke juu. Tabaka la chini linabaki na fuwele kubwa nyepesi, na la juu linapigwa na upepo mpaka linakuwa gumu na zito. Crocus na SNOWPACK, zilizokuzwa kwa milima ya Alpi, huelekea kutoa kinyume chake: zito chini, jepesi juu. Maji ya theluji yanaweza kuwa sahihi na bado joto la udongo likawa baya, kwa sababu tabaka jepesi la chini ndilo blanketi.

Hata uchaguzi wa fomula ni mzito. Kwa densiti 300, Yen inatoa 0.23 W/m/K, na ile ya Sturm inatoa 0.13. Karibu nusu. Andikeni kwenye ripoti mmetumia ipi.

Na upepo: theluji kavu huanza kupeperushwa kwa wastani wa kama m/s 7.7 kwa kimo cha mita 10, nyevu kama 9.9. Modeli ya nukta moja haina habari hiyo. Kituo kilichoko kwenye mgongo wa kilima kikionyesha kina kisichopanda baada ya dhoruba, si kuyeyuka.

#12 Mwanagenzi_wa_Gridi

Nimeelewa. Nianze na modeli ipi, na data ipi ya kujipimia kabla ya kituo changu?

#13 Msimbo

Kwa kujifunza, FSM, modeli ya theluji ya Essery: msimbo mfupi, una swichi za kuwasha na kuzima kila mchakato (albedo, upitishaji joto, densiti, ubadilishanaji na hewa, maji), kwa hiyo unaona kila moja inabadili nini. Ukihitaji matabaka na chembe kwa ajili ya maporomoko ya theluji, nenda SNOWPACK au Crocus. Kwa utabiri wa mto wenye joto la hewa na mvua tu, SNOW-17 ya Anderson ya mwaka 1973 bado inafanya kazi.

Data: Col de Porte, Ufaransa, mita 1,325 juu ya bahari. Theluji yake hukaa karibu na 0°C mara nyingi, kwa hiyo inakamata makosa ya mgawanyo wa mvua na kuganda upya. Weissfluhjoch juu ya Davos, Uswisi, mita 2,536, ina theluji nene na baridi, na rekodi zake zinaanzia 1936. Modeli ikipita zote mbili bila kubadili kigezo hata kimoja, unaweza kuiamini kidogo.

Usitafute modeli bora kuliko zote. Mwaka 2013 zilichapishwa matokeo ya miunganiko 1,701 ya michakato iliyojaribiwa kwa data ya Col de Porte: hakuna uliokuwa bora kila msimu, ila lilikuwepo kundi lililofanya vizuri mara kwa mara na kundi lililofanya vibaya mara kwa mara. Kazi yako ni kutoka kwenye hilo la pili.

#14 UsoWaTheluji

Moja limesahaulika, mkuu, liweke kwenye orodha kabla hujaendesha chochote. Kimo cha vihisi. Nguzo ina kihisi cha upepo na joto kwa mita 2 kutoka ardhini. Theluji ikifika 1.20, kihisi kiko sm 80 tu juu ya uso. Modeli ikiendelea kudhani mita 2, kwa mkwaruzo wa mm 1 na hewa isiyo na tabaka tulivu, ubadilishanaji wa joto unakuwa pungufu kwa karibu asilimia 23 katikati ya msimu, kisha kosa linapungua lenyewe theluji inapoyeyuka. Soma maelezo ya kituo: vituo vingine hupandisha vihisi kwa mkono kadiri theluji inavyopanda, na hapo mita 2 ni sahihi. Kwenye faili la mipangilio hilo ni mstari mmoja tu.